Ua la Juani

Mteja akiniuliza samaki ni wa leo au wa jana, namwambia. Kama ni wa jana nasema wa jana. Akitaka ale, asipotaka aende kwa jirani akadanganywe. Hivyo ndivyo nilivyojenga jina hapa Musoma, kwa mikono hii na kwa darasa la tatu nililoishia, kuanzia jiko moja la mkaa kule chini Mwigobero mpaka nyumba hii yenye meza kumi na mbili na vyumba vya wageni nyuma. Wengine wananiita Mama Ukweli kwa heshima, wengine kwa kejeli, na yote nayapokea. Kwa hiyo anayesoma ajue kwamba haya siyaandiki kwa raha. Niliwahi kusema uongo mmoja, mkubwa, nikauandika kwa mkono wangu kwenye karatasi ya serikali, na karatasi ile ikatunzwa mahali pazuri kuliko vyeti vingi vya wenye akili.

Uongo huo ulinirudia mchana mmoja mwezi uliopita, nikiwa nimesimama kwenye kidirisha cha kupitishia vyakula. Meza ya karibu walikaa binti mmoja na dereva wake, viatu vimejaa vumbi jekundu, nyuso zimechomwa na jua. Waliagiza sato wa kuchemsha na ugali. Sina tabia ya kusikiliza mazungumzo ya wateja, lakini kidirisha kile kinasikia kila kitu, na mimi ndiye ninayekaa nyuma yake.

"Siku nne, Neema," dereva alikuwa anasema. "Siku nne tunapanda kilima kimoja kama mbuzi. Hapo hakuna kitu."

"Najua hakuna. Lakini lilikuwepo. Mwalimu wangu wa chuo alilikausha mwenyewe."

"Mwalimu ameshazikwa, Mungu amrehemu. Andika limekwisha, twende nyumbani."

"Nitaandika. Limetoweka Kiriba. Na nitaandika sababu: wenyeji wamelimaliza kwa moto na mbuzi. Hakuna sababu nyingine inayoingia akilini."

Niliposikia Kiriba, niliichukua sahani yao kabla mhudumu hajaifikia. Nilitoka na sahani mwenyewe, nikamuuliza binti ni ua gani hilo linalomtesa. Akanitazama kama anavyotazamwa bibi wa mgahawa anayeuliza mambo ya kitaalamu, lakini alikuwa amelelewa vizuri, akasema "shikamoo mama" kwanza, akafungua simu. Nikavaa miwani. Nikaona karatasi nyeupe iliyobandikwa mmea mkavu: kijishina kinachotambaa, majani madogo yenye umbo la moyo, ua moja limekuwa rangi ya majani ya chai. Chini yake lebo. Na kwenye lebo herufi kubwa, zimelala upande kama watu waliolewa: KIRIBA KILIMANI. JUANI. Mbele ya neno la mwisho, kwa penseli, mkono mwingine uliweka alama ya kuuliza.

"Huyu aliyeandika hakujua kuandika vizuri," Neema alisema. "Alitaka kuandika urujuani, rangi ya ua, akaandika juani. Ndiyo maana mwalimu akaweka alama."

Nikaweka samaki mezani. Nikasema kuleni, atapoa. Nikarudi jikoni nikakaa juu ya gunia la mkaa, mimi mwenye nyumba.

Mwaka wa uongo ule nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimetoka Bunda, kwenye pamba ya kaka yangu, na nilikuwa nimeapa kwamba nikirudi tena kuinamia pamba ya mtu, basi niinamie na kaburi langu. Butiama nikapata kazi kwa mtaalamu wa mimea aliyekuwa amepanga nyumba ya vyumba viwili, bati juu, saruji chini. Bwana Kombo alikuwa mtu wa Tanga, mwembamba, msafi, mwenye Kiswahili cha kuogopesha. Sisi huku Kiswahili tulikuwa tunakiazima tu. Nyumbani kila mtu ana lugha yake, tukikutana sokoni ndiyo tunatafutana kwa Kiswahili, ngeli tunazikanyaga tunapita. Yeye alikuwa anakitoa kama mtu anayehesabu shanga. Siku ya kwanza nilimpikia ugali wa udaga, ule mweusi wa muhogo uliovundikwa, akaubonyeza kwa kidole akauliza kwa adabu kabisa, "Bi Nyangeta, huu tunakula au tunazibia ufa?" Baada ya miezi miwili alikuwa anauomba.

Kazi yangu ilikuwa kupika na kubadilisha magazeti. Watu wengi hawaijui kazi hiyo. Mmea ukishachimbwa unalazwa ndani ya gazeti, magazeti yanapangwa, yanabanwa kati ya mbao mbili kwa mikanda, na kila siku lazima uyatoe yaliyolowa uweke makavu, la sivyo mmea unaota ukungu unakuwa uchafu. Chumba cha pili kilikuwa kimejaa magazeti mpaka dirishani, na harufu yake, ya majani yanayokufa taratibu na wino wa zamani, mpaka leo nikiisikia mahali natafuta mikanda ilipo. Niliyaanika yaliyolowa juu ya ukuta wa ua kwa mawe, na wakati yanakauka nilikuwa nayasoma. Kusoma kwangu kote kumetoka pale. Habari zote nilizozijua mwaka ule zilikuwa za mwaka wa nyuma yake, lakini nilizijua vizuri.

Wa tatu wetu alikuwa dereva, Masatu, mtu wa Kisorya, mdomo mrefu kuliko gari lake. Aliniita Profesa wa Magugu. Nikipita na rundo la magazeti kichwani anapiga saluti. "Profesa, hili nalo ni dawa ya nini? Ya kukosa mchumba?" Nami sikuwa wa kunyamaza; nilikuwa namuuliza kama kule Kisorya kivuko kilimwacha kwa sababu ya uzito au kwa sababu ya kelele. Hivyo tuliishi.

Bwana Kombo alikuwa anatafuta mimea yote, lakini mmoja ulikuwa unamnyima usingizi. Siku moja wakati wa chai alitandaza ramani mezani, akaweka kikombe kwenye kona moja na sufuria yangu kwenye nyingine isijikunje. Ilikuwa na vidoto vyekundu. Akanionyesha kwa ncha ya penseli: Uhabeshi, milima ya Kenya, Meru, Kilimanjaro, Upare, Usambara, kusini kule Rungwe, na mbali magharibi mpaka Kameruni. Kila kidoto ni mahali ambapo mtu alilichimba ua hilo, akalikausha, akaandika lebo. "Linapenda baridi na unyevu," alisema. "Ukingo wa msitu, kingo za vijito. Likikosa hayo halipo. Sasa tazama hapa." Akaweka kidole juu ya Mara. Hapakuwa na kidoto. "Watu wanasema huku ni joto, ni ziwa na mbuga na pamba, haliwezi kuwepo. Mimi nasema zamani sana vilima hivi vilikuwa na ubaridi na miti, na ubaridi ukiondoka hauondoki wote. Unajificha mahali. Ua nalo linajificha nao." Kisha akanichorea kwa wino mweusi: jani la moyo lenye meno pembeni, ua dogo la petali tano, moja ya chini ina kijifuko nyuma kama kisigino. Akasema, "Ua la urujuani. Ukiliona, niite."

Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipozaliwa, na sioni aibu kulisema maana lilikuwa la masikio, siyo la moyo. Neno urujuani sikuwahi kulisikia. Huku kwetu rangi hiyo tunaiita zambarau tukiiita kabisa. Nilisikia "ua la juani". Nikaona sawa, ua linalokaa juani, na yale ya unyevu na baridi nikayachukulia ni ya huko Kilimanjaro kwao. Hapa kwetu limezoea jua kama sisi. Mchoro haukuwa na rangi wala hausemi ukubwa. Basi kila mchana, jua la saa nane, Nyangeta juu ya miamba anatafuta majani ya moyo.

Nilimletea mtambaazi wenye majani kama viganja. Akatabasamu akasema, dogo zaidi, kama ukucha wa kidole gumba. Nilimletea ule mfagio mwitu wenye ua la njano, jani lake nalo lina moyo kidogo. Hakutabasamu. Nilileta vingine nimevisahau, vyote vimekaushwa na jua kabla hata ya magazeti. Masatu alikaa kwenye boneti ya gari anachokonoa meno. "Profesa, huyu mzee anatafuta ua, wewe unamletea kuni."

Halafu ikaja barua: gari linatakiwa lirudi mwisho wa masika. Bwana Kombo aliisoma amesimama, akaikunja mara nne. Jioni ile furu wa kukaanga, samaki wadogo ambao kwa kawaida tulikuwa tunawagombania, walibaki kwenye sahani. Aliponawa mikono alisema bila kunitazama, "Bi Nyangeta, sitaweza kukupendekeza kwa kazi ya kudumu kama macho hayaoni tofauti ya jani na jani." Kazi ya kudumu. Sikujua kama alikuwa anaifikiria. Nilijifunza kwamba ipo kwa sentensi iliyoniambia nimeikosa. Nilienda kwenye chumba cha magazeti nikashika mikanda ile nikaikaza mpaka mbao zikalia, na nilichokiona mbele yangu ni mistari ya pamba ya Bunda, mirefu, haina mwisho.

Kilichoniokoa ni ukuta mwembamba. Siku mbili baadaye nilikuwa nachambua mchicha nyuma ya nyumba, nikamsikia Masatu anauliza ndani, "Lakini bwana mkubwa, hiyo urujuani ni kitu gani? Mimi nimeitikia tu miezi yote hii."

"Ni rangi, Masatu. Si samawati, si zambarau. Katikati yake, iliyopauka. Kama anga upande ule jua lisipozamia."

"Kumbe rangi! Mimi nilidhani ni kijiji."

Wakacheka. Mimi mchicha ulinidondoka. Maana rangi ile nilikuwa naiona kila asubuhi. Nilikuwa naikanyaga.

Maji ya chai ya Bwana Kombo sikuwa nayateka kisimani kwa watu wote, kwa sababu yale yana chumvi na yeye alikuwa analalamika. Nilikuwa nayateka kwenye korongo moja nyuma ya vilima, kwa Bibi Wakuru. Korongo lile ni jembamba, miti imefunga juu, jua haliingii mpaka saa sita, na maji yanatoka chini ya mwamba mweusi wenye kuvumwani, ule ukoga wa kijani wa mahali penye maji. Ukishuka unasikia baridi miguuni kwanza. Bibi Wakuru alikuwa ndiye mwenye kulilinda kwa niaba ya ukoo wake. Kulikuwa na mambo yao ya mababu pale ambayo mimi wa kanisani sikuulizia. Alikuwa mfupi, mkali, mdomo umejaa tumbaku, na alikuwa haniiti kwa jina. Sharti lake lilikuwa moja na alinirudia kila siku kana kwamba mimi ni mjinga: "Hapa yanatoka maji tu. Jiwe halitoki, kuni haitoki, jani halitoki." Na kwenye ukingo ule, pale ninapoweka goti kuchota, kulikuwa na majani madogo ya moyo yanatambaa juu ya matope meusi, na maua yaliyopauka, madogo kuliko kifungo cha shati, yameinamisha vichwa.

Sasa hapa nisimame niseme sawasawa, maana nimejidanganya miaka mingi kuhusu sababu. Nilikuwa najiambia kwamba nilificha korongo kwa ajili ya Bibi Wakuru, kwamba nikimleta mtaalamu na mbao zake na Masatu na panga lake, bibi atanifungia maji na ukoo mzima utanilaani. Ni kweli, niliogopa. Lakini sababu kubwa ilikuwa nyingine. Ningewezaje kumwambia Bwana Kombo kwamba ua alilotafuta kwa miezi nilikuwa nalipigia goti kila asubuhi kwa ajili ya chai yake, na kwamba sikuliona kwa sababu sikujua neno la Kiswahili? Masatu angelikula hilo mpaka anazeeka. Mimi ni mwenye kiburi. Nilizaliwa nacho, na ndicho kilichonijengea nyumba hii, lakini siku ile kilinichongea.

Jumamosi niliomba ruhusa kwenda Kiriba kumwona shangazi. Sikwenda Kiriba. Nilikaa kwa rafiki yangu mchana kutwa, na Jumapili, watu wakiwa kanisani, nikashuka korongoni nikachimba mmea mmoja na udongo wake, nikaufunga kwenye kipande cha kanga kilicholowa. Tundu nililoacha lilikuwa dogo kama kikombe, nikalifunika kwa majani. Mchana nikaingia nyumbani nimejipaka vumbi la njiani, nikafungua kanga mezani, kati ya sahani.

Bwana Kombo aliisogeza sahani yake pembeni. Alivaa miwani, akavua, akavaa. Aligeuza ua kwa sindano akakitafuta kile kisigino, akakiona. Akanionyesha pia kitu ambacho sikukitegemea: chini kabisa, karibu na mizizi, kulikuwa na vichipukizi vya kijani vilivyofumba. "Haya nayo ni maua," alisema, sauti imeshuka kama mtu aliye msikitini. "Jamii hii ina maua ya juu ya kuonwa na nyuki, na mengine ya chini ambayo hayafunguki kabisa. Yanazaa mbegu yamefumba. Halafu tumba linapasuka pande tatu, linarusha mbegu, na sisimizi wanazibeba kwa sababu zina kijinyama kitamu." Kisha akainua uso. "Wapi?"

"Kiriba. Kilimani."

Masatu aliacha kuchokonoa meno. "Kiriba? Kule kwenye mawe na jua?"

"Wewe ulikuwepo?"

"Kesho," Bwana Kombo alisema, "tunakwenda sote."

Kesho yake asubuhi nilikwenda kuteka maji kama kawaida, maana kutokwenda kungekuwa kukiri. Bibi Wakuru alikuwa amesimama pale pale, fimbo imeelekea kwenye lile tundu, majani yangu ameyaondoa.

"Kuna mtu amechimba hapa."

"Sijui, bibi."

"Sijakuuliza."

Nikachota. Maji yalikuwa yanaingia kwenye ndoo polepole kuliko siku zote. Akanitazama mpaka nikajitwisha, akanitazama napanda, na mgongo wangu ulimsikia mpaka barabarani.

Safari ya Kiriba naikumbuka yote. Gari lilikuwa moto, ziwa linametameta upande mmoja, na mimi nilikuwa naomba gurudumu lipasuke. Halikupasuka. Tulipofika nikachagua kilima kimoja kwa kukitazama tu, nikawaongoza juu. Nyasi kavu, mawe, mjusi wa kichwa chekundu anatupigia pushapu juu ya jiwe. Mama mmoja aliyekuwa anapalilia mihogo chini alitupigia kelele, "Mmepoteza ng'ombe?" Masatu akamjibu, "Tumepoteza ua, mama!" Yule mama akacheka mpaka akaegemea jembe. "Mura, kijana wangu, kilimani hapa kuna nge. Ua nenda kwa mchumba wako."

Bwana Kombo alizunguka saa mbili nzima. Alichungulia chini ya kila jiwe, shati limeganda mgongoni. Masatu alinifuata nyuma akinong'ona, "Profesa, ni jiwe lipi? Nionyeshe hata tundu ulilochimba." Nikamwambia mbuzi wamekanyaga. Mwishowe Bwana Kombo alichuchumaa, akachota udongo wa pale, mwekundu, wa changarawe, akausugua kati ya vidole. Kisha akatoa mfukoni kijikaratasi, akakifungua. Ndani kulikuwa na tonge la udongo mweusi alilolitoa kwenye mizizi ya mmea wangu, bado lina unyevu, na konokono mdogo mweupe kama punje ya mchele. Akautazama mkono mmoja, akautazama mwingine. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Niliona kila kitu, naye aliniona nikiona.

"Bi Nyangeta. Ni hapa?"

Ningesema pale. Ilikuwa rahisi kuliko wakati wowote mwingine wa maisha yangu. Hakuna aliyeniuliza tena kwa upole namna ile. Lakini Masatu alikuwa amesimama, kichwa upande, meno tayari kucheka.

"Ni hapa."

Alikunja kijikaratasi akakirudisha mfukoni. "Haya. Twende tukale."

Mmea ulipokauka alileta lebo mezani na kalamu, na badala ya kuandika yeye, akanisogezea. "Mimi sikuwepo. Aliyeona ndiye anayeandika." Niliandika kwa herufi kubwa kwa sababu ndizo nilizoziamini. Mahali, nikaandika Kiriba kilimani. Mazingira, akanisubiri. Nilikuwa nimeshasema ni kilima cha jua. Uongo ukishaanza unadai ndugu zake. Nikaandika juani. Alisoma, akachukua penseli yake akaweka alama ile, ndogo, bila hasira, akafunga karatasi. Siku aliyoondoka alinipa mkono, akanipa barua ya kunipendekeza. Barua ile sikuipeleka popote. Niliiweka kwenye sanduku nikashuka Mwigobero nikaanza kukaanga dagaa.

Niliyafikiria haya nikiwa juu ya gunia lile la mkaa. Nilidhani kwa miaka yote kwamba uongo wangu ulikuwa wa kidoto kimoja kwenye ramani, hauna wa kumuuma. Kumbe umekaa pale umefumba, unazaa. Sasa binti mwenye adabu anataka kuandika kwamba watu wa Kiriba wameua ua ambalo hawajawahi kuliona, na yule mama wa mihogo, au wajukuu zake, wataambiwa mbuzi wao ni wauaji.

Nilitoka jikoni. Walikuwa wanamalizia miba.

"Usiandike," nilisema.

Neema akainua uso. "Nisiandike nini, mama?"

"Habari ya mbuzi. Hakuna mbuzi. Aliyeandika lebo hiyo hakukosea herufi. Alitaka kusema juani na aliongopa. Ni mimi."

Dereva wake alifungua mdomo, nikamwambia aufunge, ugali unaonekana. Neema hakucheka. Alitazama simu, akatazama mikono yangu, kana kwamba herufi zile zingekuwa bado zimelala humo. Akauliza, "Mwalimu Kombo alijua?" Nikamweleza habari ya udongo. Akalaza simu mezani, akasema, "Alikuwa anatufundisha kwamba alama ya kuuliza si ya kumdharau mtu. Ni ya kumwachia mlango." Nikatafuta leso.

Kesho yake tulikwenda Butiama. Sikuwapeleka korongoni moja kwa moja. Safari hii nilianzia mlangoni. Bibi Wakuru alikufa zamani, na anayelinda sasa ni mkamwana wake, mama mtu mzima aliyekuwa anaanika udaga juu ya mwamba. Nilimwamkia, nikakaa chini, nikamwambia yote, kuanzia goti mpaka kanga. Alisikiliza bila kuacha kutandaza.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Mama mkwe alikufa anasema ni yule msichana wa maji ya chai. Sisi tulimwambia bibi, unamsingizia mtoto wa watu."

"Hakunisingizia."

"Basi amepona huko aliko." Akamtazama Neema. "Na huyu anataka kuchimba?"

"Hapana, mama," Neema alisema. "Kupiga picha tu, na kuandika. Hatutoi kitu."

"Hapa yanatoka maji tu," mkamwana alisema.

"Najua," nilisema mimi.

Miti imepungua. Juu ya korongo sasa anga linaonekana mahali ambapo zamani hapakuwa na anga, na kuna bomba linalotoka mwambani kwenda majumbani kwa watu. Nilishuka kwa kushikwa mkono, magoti hayanitii tena. Lakini baridi ile ilinipokea miguuni kama zamani. Chini ya mwamba, pale ambapo bomba haligusi, majani ya moyo yalikuwa yamejaza ukingo wote. Na tundu langu, hata nilipolitafuta kwa fimbo, sikulipata. Hakukuwa na ua hata moja lililo wazi. Neema alilala kifudifudi kwenye matope na nguo zake nzuri, akafunua majani kwa kidole kimoja. "Yapo," alisema. "Yamefumba. Yapo mengi, mama."

Alipokaa, akafungua daftari, akaandika jina la mmea na tarehe, halafu akanigeuzia ukurasa pamoja na kalamu. Niliandika kwa herufi kubwa, taratibu, goti langu likiwa pale pale kwenye tope: BUTIAMA. KORONGONI KWA BIBI WAKURU. KIVULINI. Neema akasoma kwa sauti, dereva akiwa amesimama juu anasikia.

"Nichukue penseli?" aliniuliza. "Ile alama?"

"Hapana," nilimwambia. "Acha hivyo."